Nimnyonyeshe au nimpe ya kopo? Kwa mama mwenye VVU anayekaribia kujifungua

Nianze na jibu kabisa, maana najua wengine mnasoma usiku mtoto ameshazaliwa yuko kifuani na presha imepanda. Kama unameza ARV zako kila siku, mnyonyeshe mwanao. Mpe maziwa yako tu, bila maji, bila uji, bila chochote, mpaka afike miezi sita, alafu mwanzishie chakula huku unaendelea kumnyonyesha mpaka mwaka na hata miaka miwili. Shirika la Afya Duniani linasema hivyo tangu 2016 na huku Tanzania ndo tunachofundishwa kliniki. Yote nitakayoandika chini ni namna ya kufanya hiyo kazi bila mtoto kupata maambukizi, na kwa yule anayetaka ya kopo, namna ya kujua kama kweli ataweza.

Mimi mwenyewe naishi na VVU tangu 2005. Mwanangu wa kwanza nilimzaa 2007, na enzi izo tulikuwa tunaambiwa nyonyesha miezi sita, ikifika tu simamisha hapo hapo. Nikasimamisha. Jumapili kanyonya, Jumatatu hakuna, nimejipaka shubiri kwenye chuchu, matiti yamejaa yamekuwa magumu kama jiwe, mtoto analia usiku kucha anavuta nguo yangu kwa vidole, uji nikimpa anautema. Haikupita mwezi mstari wa uzito kwenye kadi yake ukaanza kulala chini, alafu akaanza kuharisha tukalazwa. Hakuambukizwa, namshukuru Mungu sana, ila nilikaa wodini najiuliza nimemkinga na nini kama nakaribia kumpoteza kwa njaa. Mwaka 2008 ukatoka utafiti uliofanywa Lusaka, Zambia, ukaonyesha kwamba kumwachisha mtoto ghafla mapema vile hakukuongeza watoto wanaofika miaka miwili wakiwa hai na bila virusi. Mwongozo ukabadilika. Wa pili nilimzaa 2020, nikamnyonyesha mwaka na miezi minane, na yeye hana virusi. Kwaiyo mama yako au shangazi yako akikwambia "sisi tulikatazwa", hakudanganyi, alikatazwa kweli, ila dawa za sasaivi sio za wakati ule.

Kinachomlinda mtoto ni dawa unayomeza wewe

Hapa naomba usome taratibu. Virusi kwenye maziwa vinafuata virusi kwenye damu. Damu ikiwa na virusi vingi na maziwa yanakuwa navyo, na dawa ikivifubaza kwenye damu mpaka kipimo hakivioni, kwenye maziwa navyo vinashuka sana. Bila dawa yoyote, katika watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na kina mama wenye VVU, kati ya 15 na 45 wanaambukizwa, ukihesabu tumboni, wakati wa kuzaliwa na kwenye kunyonya. Mama akimeza dawa vizuri tangu ujauzito, na virusi vikafubaa, hatari ya kupitia maziwa inakuwa chini ya mtoto mmoja katika 100. Sio sifuri, siwezi kukudanganya kwamba ni sifuri, ila ni ndogo kuliko hatari ya kuhara na nimonia kwa mtoto mchanga anayeishi kwenye nyumba ambayo maji yanabebwa na ndoo.

Kwaiyo kitu cha kwanza kabisa, ujue namba yako. Nenda kliniki uulize "majibu yangu ya wingi wa virusi ya mwisho yalikuwa ngapi na yalichukuliwa lini?" Wengi wetu tunaambiwa tu "uko vizuri mama" tunaondoka. Usikubali, omba namba. Ikiwa chini ya 50 maana yake havionekani. Ikiwa juu ya 1000 usishtuke, huo sio mwisho wa dunia ila kuna kazi ya kufanya haraka: mtapitia mnavyomeza dawa, pengine watabadilisha dawa, na mtoto atapewa kinga nzito zaidi, dawa mbili na kwa muda mrefu, badala ya ile moja ya kawaida. Wakati wa ujauzito na kunyonyesha kipimo hiki kinarudiwa mara kwa mara, kwa hapa kwetu ni kila miezi sita, na kama wamesahau wewe wakumbushe, maana damu ni yako na mtoto ni wako.

Wengi sasaivi tuko kwenye kile kidonge kimoja cha ARV kinachoitwa TLD, mara moja kwa siku. Ukisahau meza ukikumbuka, usimeze viwili kwa pamoja kufidia. Kuna jambo moja ambalo mama wengi hawaambiwi: vile vidonge vya kuongeza damu unavyopewa mjamzito na baada ya kujifungua, vya madini ya chuma, pamoja na vya kalsiamu, vikikutana tumboni na TLD tumbo likiwa tupu vinaizuia dawa isiingie vizuri mwilini. Vimeze pamoja na chakula, vyote kwa mpigo wakati unakula, au utenganishe: TLD kwanza, vya damu angalau masaa mawili baadae. Kama ulianza na vya damu subiri masaa sita. Dawa za kiungulia zile za maji meupe hizo usizichanganye na TLD hata kama umekula, fuata huo huo mpango wa masaa. Na kama uko kwenye dawa za TB mwambie daktari wa CTC (kliniki ya VVU) siku hiyo hiyo, maana kidonge chako kitahitaji kuongezewa nguvu.

Ukisafiri kwenda kijijini kujifungulia kwa mama, beba dawa za miezi yote na barua ya uhamisho. Nimeona mama aliyefanya kila kitu sawa ujauzito mzima, akaenda kukaa arobaini kwa wakwe, akawa anaogopa kumeza mbele ya mawifi, akaruka wiki tatu. Hizo wiki tatu mtoto alikuwa ananyonya.

Dawa ya mtoto

Mtoto akizaliwa anaanzishiwa nevirapini ya maji, dawa ya kumkinga na VVU, mapema, ndani ya masaa ya mwanzo, na anaendelea nayo kila siku kwa wiki sita, au wiki 12 kama hatari ni kubwa. Unapewa chupa na kibomba kisicho na sindano. Omba nesi akuwekee alama ya kalamu pale dawa inapotakiwa kufika, alafu wewe mwenyewe vuta mbele yake umwonyeshe, usiondoke kabla hujavuta. Mtoto wa kilo mbili na nusu kwenda juu kwa kawaida ni ml 1.5, na ml 1.5 ni ndogo sana, ni kama nusu ya kifuniko cha soda hivi haifiki, kwaiyo ukikadiria kwa kijiko cha chai utamzidishia mara tatu. Pitisha kibomba pembeni ya shavu kwa ndani, sukuma kidogo kidogo. Akicheua yote muda huo huo piga simu uulize, usiamue mwenyewe.

Akifika wiki sita anaanzishiwa na Septrin mpaka ithibitike hana virusi. Hii haimaanishi kwamba mtoto ana VVU, ni kinga tu dhidi ya nimonia, nasema kwasababu mama mmoja alilia kwenye dirisha la dawa akijua ndo majibu ameshapewa.

Miezi sita ya maziwa tu, na vita ya maji

Hii ndo sehemu ngumu kuliko dawa. Dawa unameza mwenyewe kwa siri, ila mtoto ni wa ukoo mzima. Bibi yake anakuja na maji ya uvuguvugu kwenye kijiko, "joto hili mtoto ana kiu jamani", mwingine ana dawa ya chango, mwingine ana uji mwepesi wa miezi mitatu maana "maziwa yako hayamtoshi, mbona analia".

Mtoto mchanga utumbo wake kwa ndani una ngozi laini sana. Maji yasiyo salama, uji, maziwa ya ng'ombe, hivi vinamkwangua na kumletea vijidudu, panakuwa na uvimbe na michubuko, alafu akinyonya, virusi kama vipo vinapata mlango. Utafiti wa Durban, Afrika Kusini, uliotoka 1999 ndo ulifungua macho ya watu: watoto waliochanganyiwa maziwa ya mama na vitu vingine waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya maziwa ya mama tu. Na huo ulifanyika kabla ya kina mama kuwa kwenye ARV, sasaivi dawa imepunguza hiyo hatari sana, lakini kuhara na utapiamlo viko pale pale.

Maji yako ndani ya maziwa yako. Hata Dar mwezi wa pili, mtoto akitaka maji mnyonyeshe. Atanyonya dakika tano akaacha, hiyo ilikuwa kiu. Utajua anashiba kama anakojoa mara sita au zaidi kwa siku na uzito unapanda. Kulia peke yake sio ushahidi wa njaa.

Kwa bibi yake usibishane, na sio lazima umwambie hali yako kama hujawa tayari. Mwambie "mama, kliniki wamesema watoto wote siku hizi ni maziwa tu miezi sita, wakigundua nimempa maji wananifokea." Na ni kweli, watoto wote wanashauriwa hivyo, hujadanganya. Mkwe wangu mimi alikubali nilipompa kazi nyingine, nikamwambia mama naomba wewe uwe unamwogesha na kumkanda, hiyo kazi akaishika na kijiko kikapumzika. Kama baba wa mtoto anajua hali yako, mpe yeye kazi ya kumwongelesha mama yake, neno la mwanae lina uzito.

Na kama mtoto ameshapewa maji au uji? Hapa nasisitiza kwasababu watu wanakosea: USIACHE kunyonyesha kwa hofu. Acha kumpa hivyo vitu, rudi kwenye maziwa tu, endelea na dawa zako, na uwaambie kliniki. Kuacha kunyonyesha kisa kijiko kimoja cha maji ni kumtoa mtoto kwenye hatari ndogo ukampeleka kwenye kubwa.

Titi likiuma

Chuchu zilizochanika zinatoa damu, na damu mdomoni mwa mtoto hatuitaki. Mara nyingi chanzo ni namna anavyoshika. Mdomo ufunguke wote kama anapiga miayo, aingize na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, kidevu kiguse titi, na wewe usisikie maumivu baada ya sekunde chache za mwanzo. Ukisikia kama anang'ata, ingiza kidole chako kisafi pembeni ya mdomo kumtoa, anza upya. Usimvute.

Titi likivimba, likawa jekundu na la moto na homa juu, au likatunga usaha, nenda kituoni siku hiyo. Mnyonyeshe kwa titi zima lingine, na hilo bovu likamue ili lisizidi kujaa, maziwa yake mwaga mpaka lipone. Kama yote mawili yana shida, au umekosa dawa kwa muda, kuna njia ya kuyapasha maziwa uliyokamua: weka maziwa kwenye chupa ya kioo safi, ile ya jamu inafaa, isimamishe kwenye sufuria ndogo yenye maji yaliyopita usawa wa maziwa kwa vidole viwili, washa moto mkali, maji yakianza kutokota kabisa toa chupa hapo hapo, funika, acha ipoe, mpe kwa kikombe. Joto hilo linaua virusi na chakula kilichomo kinabaki karibu chote. Ni njia ya siku chache za dharura, usiifanye ndo maisha, utachoka. Mama ambaye virusi vimefubaa na matiti ni mazima hana haja ya kuchemsha, kama unarudi kazini kamua tu acha kwenye chombo safi chenye mfuniko, kwa joto la pwani usizidishe masaa manne nje ya friji. Na kwa walioajiriwa, sheria ya ajira ya 2004 inakupa hadi masaa mawili kwa siku ya kwenda kunyonyesha, iombe.

Mtoto akiwa na utando mweupe mdomoni usioisha ukiufuta, huo nao ni ugonjwa, atibiwe, na wewe chuchu zako zitibiwe pamoja.

Kwa anayetaka maziwa ya kopo

Simlaumu mtu. Kuna mama anasema roho yangu haitulii kabisa nikimnyonyesha, na hiyo ni haki yake. Ila ujipime kwa ukweli, na kipimo changu ni hiki: mtoto anahitaji kama kilo 20 za maziwa ya unga kwa miezi sita ya kwanza. Hayo ni makopo 50 ya gramu 400. Nenda duka la dawa la karibu, uliza bei ya kopo moja, zidisha kwa 50, alafu ongeza mkaa au gesi maana mwezi wa kwanza anakula kama mara nane kwa siku, usiku na mchana. Ukiona hiyo hela ipo kweli, ya miezi yote na sio ya makopo mawili ya zawadi, jiulize tena: maji salama yapo kila siku? Choo kizuri kipo? Nyumbani wananiunga mkono na nitajibu nini jirani akiniuliza mbona hunyonyeshi? Kituo cha afya kiko karibu akianza kuhara saa nane usiku? Jibu moja likiwa hapana, nyonyesha. Botswana serikali ilikuwa inawapa kina mama wenye VVU maziwa ya kopo bure, mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa zikaharibu maji, kuhara kukalipuka, na watoto wengi waliolazwa na kufa ni wale ambao hawakuwa wananyonya.

Ukiamua ndiyo: chemsha maji yatokote, yaache yapoe isizidi nusu saa ili yabaki na moto wa kuua vijidudu vilivyomo kwenye unga wenyewe, maana ule unga sio safi kabisa kama tunavyodhani. Weka vijiko kama kopo linavyosema, usipunguze kijiko ili kopo lifike mwisho wa mwezi, hapo mtoto anakonda huku anaonekana anakula. Poza kikombe kwenye bakuli la maji baridi, jaribu tone kwenye mkono, mpe kwa kikombe kidogo na sio chupa ya chuchu, kikombe unakiosha kikatakata ila ile chuchu ya plastiki ina kona ambazo huzifikii. Yaliyobaki yakipita masaa mawili mwaga. Maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji na sukari sio mbadala chini ya miezi sita. Na ukichagua kopo ni kopo, usimnyonyeshe usiku kwa kuwa umechoka kuwasha jiko.

Wale mliopo Ulaya na Marekani, huko ushauri ulikuwa kopo tu kwasababu maji na hela vipo, ila sasaivi Marekani tangu 2023 madaktari wanatakiwa kukaa na mama wazungumze, na anayetaka kunyonyesha akiwa amefubaza virusi asaidiwe. Usifanye kwa siri, waambie, ili mtoto apimwe inavyotakiwa.

Akifika miezi sita, na vipimo

Anzisha uji mzito, ndizi zilizopondwa, viazi na dagaa wa kusaga, maharage yaliyochujwa maganda, parachichi, yai. Kidogo kidogo, na titi lipo. Ukiamua kuachisha, iwe mwaka umefika na anakula vizuri, punguza taratibu kwa mwezi mzima, anza kuondoa ya mchana, ya usiku iwe ya mwisho, na dawa zako endelea nazo maisha yote.

Mtoto anapimwa wiki nne hadi sita, wanamchoma kisigino, matone yanadondoka kwenye karatasi yenye viduara, inakauka inapelekwa maabara. Anapimwa tena kwenye miezi tisa. Majibu mazuri ya wiki sita sio ya mwisho, bado ananyonya. Likitokea ametoka na virusi, anaanzishiwa dawa haraka bila kungoja, na usimwachishe, huyo anahitaji maziwa yako kuliko wote.

Na wewe ambaye ulipimwa ujauzito ukaonekana huna, usisome hii ukapita. Mama akipata maambukizi mapya wakati ananyonyesha, virusi vinakuwa vingi mno kwenye wiki za mwanzo na mtoto yuko kwenye hatari kubwa kuliko wa kwetu tunaomeza dawa. Pimeni tena, na baba pia.

Kipimo cha mwisho ni akifika miezi 18, na kama bado ananyonya ni mpaka ipite miezi mitatu tangu aache kabisa. Nenda na kadi yake ya kliniki na yako ya CTC. Wa kwangu wa pili siku hiyo alikuwa anatembea anazunguka na kiatu kimoja chumba kizima, nesi akaandika majibu kwenye kadi kwa wino wa bluu, akanipa mkono. Hiyo kadi ninayo, iko kwenye sanduku pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.